Mume Wangu Amepata Bega

4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeolewa. Sikuolewa leo, niliolewa mwezi uliopita, lakini bado kila jambo linanijia hivyo: maziwa yamechemka, na mimi nimeolewa, taa imezimika, na mimi nimeolewa. Mume wangu ananicheka. Mume wangu. Neno hilo naliandika tena kwa sababu wino ni wangu na hakuna wa kunizuia.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wakwe zangu. Yeye ni fundi rangi kama baba yake, na vidole vyake vina madoadoa meupe ambayo sabuni imeshindwa nayo. Akinishika shavu natamani yale madoa yabaki usoni, niende nayo dukani, nikiwapimia wateja vitambaa wajue nimetoka kwa nani.

7 Machi

Leo Baba mkwe amerudi akiwa na habari kubwa. Wamepewa dari ya ukumbi wa mikutano, ule mpana wenye madirisha marefu. Alisubiri tumalize kula, akasafisha koo.

"Hii ni dari yangu ya mwisho," akasema. "Nitakaa chini niangalie. Mvua zikiisha, kazi nzima namwachia mtu."

Wote tukamtazama mume wangu. Nilijivuna hadi nikasahau kutafuna. Mama mkwe akacheka, akasema, "Hata hivyo bado hajapata bega."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, ingawa sikuelewa.

8 Machi

Wifi amenielewesha tulipokuwa tunaosha brashi. Kwao, fundi wa kweli lazima bega la kulia limuume. Lilimuuma babu yao, likamuuma Baba, likamuuma baba yao mdogo. Siku linapoanza, familia inasema amepata bega, na kuanzia hapo anaruhusiwa kushika dari.

"Je, lisipouma?" nikauliza.

"Basi wewe ni mpita njia. Unapewa milango na madirisha. Kama mimi."

Nikajua kwa nini wanamwita Bega Bubu. Amefanya kazi na baba yake tangu alipomaliza shule na halijamuuma hata siku moja.

"Shangazi yetu hajawahi kushika brashi," akaendelea. "Alikuwa mhasibu wa benki maisha yake yote. Lakini alipofika miaka arobaini bega likamkamata, akawa hawezi kuchana nywele zake. Unajua wanasemaje? Wanasema alizaliwa fundi akapotelea benki."

Nilicheka hadi brashi ikaniponyoka. Wifi hakucheka sana. Akasema, "Mimi napaka vizuri kuliko kaka. Muulize mwenyewe."

Nilimuuliza. Mume wangu akasema, "Ni kweli," bila kusita, kisha akanibusu paji la uso. Nani mwingine ana mume mkweli namna hii?

11 Machi

Mvua. Amerudi na rangi ndani ya sikio. Nimeitoa kwa ncha ya kitambaa, taratibu, nimechukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

19 Machi

Amepata bega!

Ameingia amelowa, amesimama mlangoni kama mtu aliyefaulu mtihani. "Limeanza," akasema. "Nilikuwa nimenyoosha rola, nikasikia kama sindano hapa." Akanionesha juu ya mkono, karibu na shingo ya shati.

Mama mkwe amepika chakula cha wageni. Baba alimpa mkono wa kushoto, maana wa kulia haufiki mbali, akasema, "Karibu kazini."  Nilijificha jikoni nikafuta machozi ya furaha. Wifi alikuwa anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

20 Machi

Nimewatangazia dukani. Mwenzangu anayekata vitambaa aliacha mkasi hewani.

"Mumeo anaumwa bega, na wewe unafurahi?"

"Hujui mambo ya kwao," nikamwambia.

"Sijui kweli," akasema, akakata.

25 Machi

Namsugua kwa mafuta ya vuguvugu kila jioni. Anafumba macho na kunisimulia dari: ilivyo na nyufa kama mito, wanavyozijaza, wanavyopiga msasa mpaka iwe laini kama ndani ya kikombe. Sikujua dari inaweza kusimuliwa kimapenzi.

2 Aprili

Amegundua namna ya kuvaa shati: anaingiza kwanza mkono wa kulia ukiwa umening'inia, halafu ananyanyua kushoto. Vifungo namfunga mimi. Nilikuwa nahesabu hilo kuwa zawadi ya asubuhi.

Ananikumbatia kwa mkono mmoja. Nilimwambia ni mtindo mpya, akacheka, lakini alichelewa kucheka.

6 Aprili

Mvua kutwa. Hajalala upande wa kulia wiki hii. Anageuka kama anageuza sahani iliyojaa supu.

9 Aprili

Leo nimeona kitu, na sitaki kukiona tena.

Tulikuwa mezani kwa wakwe. Baba alitaka kikombe chake kilichokuwa rafuni. Alishika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akaubeba ule mkono juu kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, vidole vikafika kwenye kikombe, akaushusha. Hakuna aliyeshangaa. Anafanya hivyo kila siku, mimi tu sikuwa nimetazama. Nilikuwa natazama mtu mwingine.

Ndipo huyo mtu mwingine akanyoosha mkono achukue chumvi. Kushoto chini ya kiwiko, kulia juu, polepole. Vilevile. Baba na mwana pande mbili za meza, kama mtu na kioo.

Nilisukuma sahani yangu kando.

Tuliporudi kwetu nikamwambia, "Twende hospitali kesho."

"Kwa ajili gani?"

"Bega."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia akakate pua. "Mke wangu, hili si ugonjwa. Nimelisubiri tangu nina miaka kumi na tano."

"Umelisubiri uumwe?"

"Nikilitibu, watasema nimelikataa. Baba atasema nini? Mvua zinakaribia kuisha. Dari haijafika katikati."

"Na ukishindwa kushika brashi kabisa?"

"Baba anashika mpaka leo."

"Baba anaibeba brashi kwa mikono miwili kupaka fremu ya dirisha. Nimemwona."

 Nami nikasema neno ambalo sikulipanga: "Nani kakwambia bega ni cheo?"

Huo ndio ugomvi wetu wa kwanza. Nilidhani ugomvi wetu wa kwanza utahusu mto wa kulalia.

10 Aprili

Tumenuniana mpaka chai ikapoa. Kisha aliniletea mfuko wangu mlangoni, akiushika kwa kushoto, na nikamfunga vifungo. Hatukuzungumzia bega.

16 Aprili

Leo nitaandika yote.

Wifi alinipigia simu dukani. "Njoo ukumbini. Hajaanguka, usilie, ila njoo." Nilitembea kwenye mvua na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso wa rangi ya chokaa. Alikuwa juu ya ngazi amenyoosha rola, mkono ukamkatalia. Haukuuma pole pole, ulishuka tu wenyewe. Rola ikamponyoka, naye akayumba. Wifi alikuwa chini akipaka mlango. Aliidaka ngazi kwa mgongo, na rangi yote ikamwagikia kichwani mwake. Alikuwa mweupe mpaka kwenye kope.

Baba alisimama akimtazama mwanawe. "Hata mimi lilinishuka mara ya kwanza," akasema. "Pumzika kidogo, kisha upande. Usipopanda leo utaogopa kesho."

Na mume wangu, huyo mume wangu mpenzi mwenye kichwa kigumu, akaanza kuinuka.

Sijui miguu yangu ilifikaje pale. Nilisimama mbele ya ngazi, nikaishika pande zote mbili.

"Baba, kama nakukosea unisamehe," nikasema. "Lakini huyu hapandi."

 Mvua tu juu ya bati. Mkwe wa miezi miwili, mwenye futi shingoni, anamzuia mzee ngazi yake. Mume wangu akasema chini chini, "Toka hapo, unaniaibisha." Nikasema, "Nitakuaibisha mpaka jioni."

Mama mkwe alikuwa ameleta chakula cha mchana, alikuwa mlangoni na vyombo vyake. Nilimwogopa yeye kuliko wote, maana ndiye aliyepika siku ile ya sherehe. Akaweka vyombo sakafuni.

"Baba watoto," akasema, "nimekufunga vifungo tangu huyu hajaanza shule. Sijawahi kukulalamikia. Lakini sitaki mkwe wangu arithi vifungo."



"Mpelekeni," Mama akasema. "Na wewe Bega Bubu, nenda kaoshe kichwa, unatisha."

17 Aprili

Tulikwenda wote. Baba alisema anakuja kulinda jina la familia. Wifi alikuja kwa sababu bado alikuwa na rangi kwenye kope na alitaka kuangaliwa macho. Daktari wa mifupa na viungo ni mwanamke mwenye sauti ya upole na mikono yenye nguvu. Alipotuona tumejaa chumbani akauliza, "Mgonjwa ni yupi?" na mume wangu akasita kabla ya kujibu.

Alimnyanyua mkono huku na huku, akamsukuma, akamwambia asukume. Kisha akaanza maswali.

"Nani mwingine kwenu anaumwa bega?"

"Wote," Baba akajibu, kifua mbele. "Marehemu baba yangu, mimi, mdogo wangu, dada yangu."

"Wote mafundi rangi?"

"Isipokuwa dada. Yeye alikuwa benki."

Daktari akaacha kuandika. "Huyo wa benki alipata akiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini hivi. Alizaliwa fundi, ila..."

"Alipotelea benki," tukamalizia, kwa mazoea.

Daktari hakucheka. Alisema huyo shangazi ndiye aliyemwambia mengi kuliko sisi wote. Ndani ya bega kuna kano, kamba zinazoshika mfupa wa mkono usitoke mahali pake. Kwa watu wengi huanza kuchakaa miaka ikisonga, hasa miaka hamsini na kuendelea, na mara nyingi ni kwa mkono unaotumika zaidi. Kunyoosha mikono juu ya kichwa miaka na miaka huzichosha. Sigara huzichosha. Sukari mwilini huzichosha. Baba akaufunika mfuko wa shati kwa kiganja, mahali pakiti yake inapokaa.

"Na kuna familia," daktari akasema, "ambazo kano zake huchoka mapema kuliko za wengine, hata kwa mtu anayekaa mezani. Jambo hili hupita kwenye damu."

"Kwa hiyo kuna kipimo?" nikauliza. Nilikumbuka somo la jeni darasani, mbaazi za kijani na za njano. "Mtoto akizaliwa tunaweza kujua?"

Mume wangu akanigeukia haraka kwa lile neno mtoto. Nikaona haya.

"Hapana," akasema. "Si jeni moja unayoweza kuikamata shati. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Kuwa na ndugu wenye tatizo kunaongeza uwezekano, hakukuhukumu. Umri na ukoo huwezi kuchagua. Namna ya kufanya kazi unaweza."

Walimpiga picha ile ya kupakwa mafuta baridi na kupitishiwa kifaa. Kano moja imechanika kidogo, haijakatika. Daktari alisema wengi wenye mchaniko wa namna hiyo hupata nafuu bila kupasuliwa, wakipumzisha na kufanya mazoezi. Lakini akiendelea kunyoosha rola juu, anaweza kuimaliza. Hakuna dari kwa miezi kadhaa.

Mume wangu alitazama viatu vyake.

Baba akauliza, na kifua hakikuwa mbele tena, "Kwa hiyo si kazi iliyomchagua?"

"Mzee, hilo si bega la fundi," daktari akasema. "Ni bega la familia, na kazi imelichokoza."

Wifi akasema, "Langu ni bubu. Haliumi kabisa."

"Bubu si kinga. Mna baba mmoja. Lako nalo litunze: nyanyua jukwaa, dari ikukaribie wewe badala ya wewe kuitafuta. Tumia rola ya mpini mrefu. Pumzika."

"Jukwaa ni kitanda cha wavivu," Baba akanung'unika.

"Basi lala, mzee," akasema daktari.

20 Aprili

Baba hasemi. Mume wangu hasemi. Dari imesimama na mvua zinapungua. Najua kinachomla: mvua zikiisha Baba atamwachia mtu kazi, na yeye ana mkono umefungwa kwenye kitambaa nilichokata mimi, cha maua, kwa sababu dukani hapakubaki kipande kingine cha upana ule.

21 Aprili

Nimemkuta nyuma ya nyumba anapaka ukuta kwa maji, kwa mkono wa kushoto. Anajifunza. Mstari ulikwenda kama mlevi anayetafuta nyumba. Alinigeukia, nikacheka, naye akacheka, kisha akaketi juu ya tofali na hakuwa anacheka tena.

"Nimelisubiri kwa miaka yote hiyo," akasema. "Wenzangu walikuwa wanasubiri ndevu."

Nilikaa karibu naye upande usiouma.  Ukuta ulikauka mbele yetu, mstari ukapotea.

22 Aprili

Leo wakati wa chakula amesema. Hakuniambia kabla, kwa hiyo nilisikia pamoja na wengine.

"Baba, dari mpe dada."

Wifi akaacha kijiko.

"Dada yako hana bega," Baba akasema.

"Baba, ndiyo maana."

Sijawahi kusikia maneno mafupi yakikaa mezani muda mrefu hivyo. Mama mkwe alijifanya anatafuta kifuniko. Baba alitazama mkono wake mwenyewe uliolala pembeni ya sahani.

"Nikimpa, atasema anataka jukwaa," Baba akasema mwishowe.

"Nitasema," akajibu Wifi.

"Na utanilaza juu yake kama mgonjwa."

"Wewe utakaa chini uangalie, ndivyo ulivyoahidi."

"Nitaangalia kwa makini, usifikiri."

"Nitakuwa na wasiwasi usipoangalia, Baba."

Mume wangu alikula sahani mbili. Nilimtazama tu. Nilidhani nilikuwa nimempenda kadiri inavyowezekana, kumbe palikuwa na chumba kingine ndani.

29 Aprili

Jukwaa limenyanyuliwa. Wifi anapaka dari ikiwa karibu na uso wake kama mtu anayenong'ona naye. Mume wangu anachanganya rangi na kupaka kuta, chini ya kifua tu.

5 Mei

Mazoezi: anavuta mpira wa kiunoni wa nguo, kutoka dukani kwetu, uliofungwa kwenye kitasa. Leo Mama mkwe alifungua mlango bila hodi, mpira ukamvuta mume wangu mpaka upande wake wa mlango. "Karibu," Mama akasema.

14 Mei

Baba alitoweka asubuhi. Amerudi anasema alikwenda kumsalimia rafiki. Mfuko wa shati lake hauna pakiti, na kwenye kiwiko cha mkono ana pamba ndogo ya kutolewa damu.  Mama amemwekea chai bila sukari, naye ameinywa yote.

24 Mei

Jua. Kuta za nyumba zinatoa mvuke.

Dari imekwisha. Niliomba ruhusa dukani nikaenda kuiona. Nililala chali sakafuni katikati ya ukumbi, bila kujali gauni. Hakuna ufa, hakuna alama ya rola, ni weupe unaotulia. Mume wangu akaja akalala pembeni yangu. Akaingiza mkono wake chini ya shingo yangu, ule wa kulia, akautuliza pale. Sikumwambia nimeona ni upi. 

Msimamizi wa ukumbi aliingia na funguo zake, tukaruka kusimama kama wanafunzi. Alizunguka akitazama juu mpaka kofia ikamwanguka. Akamwendea Baba, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo kando ya ukuta.

"Mzee, nasikia unapumzika. Nina ukumbi mwingine kama huu. Nani ameshika kazi sasa? Huyu kijana?"

Mpaka dakika ile Baba alikuwa hajamtamkia yeyote ni nani anayemwachia kazi. Alimtazama mume wangu. Nami nilimtazama mume wangu, na nilijua kwamba kama angetaka, Baba angesema ndiyo, na dari zote zingemsubiri kwa subira.

Mume wangu akanyanyua mkono kuonesha. Ulikuwa wa kulia. Ulipita kiuno, ukapita mbavu, ukafika usawa wa bega, na mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote.

"Yule pale," akasema.

Juu ya jukwaa, Wifi alikuwa anafuta pembe ya mwisho kwa kitambaa. Hakuwa amesikia swali.

"Mnanionesha nini huko chini?" akasema. "Nileteeni maji ya brashi."

"Umemsikia bosi wako," Baba akamwambia msimamizi. "Maji yako bombani, kushoto."